Nyumba Tupu Yenye Mtu Ndani

Mkono wa katapila ulikuwa umesimama juu ya paa, meno yake futi mbili tu kutoka kwenye bomba la moshi.

Hapo ndipo tulipomwacha Bi Verna Matejka Jumamosi iliyopita, ameketi kibarazani kwake, mtaa wa Arobaini na Moja Magharibi, mjini Cleveland, beseni la viazi mapajani na kisu mkononi. Kama kuna msomaji aliyekosa raha wiki nzima kwa ajili yake, pole. Yeye mwenyewe aliendelea kumenya.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alizaliwa ndani ya nyumba hiyo, chumba cha nyuma, mwaka ambao theluji ilifunga barabara na daktari akashindwa kufika. Tangu siku hiyo hajawahi kuona sababu ya kuhama.

Wengine waliiona. Paige Dunleavy, dada mmoja wa kampuni ya majengo ya Larkspur, alimgongea mlango mara tatu mwaka jana akitaka kuinunua nyumba. Mara ya tatu alikuja na keki. Bi Verna alipokea keki, akafunga mlango.

"Zima!" sauti ilisikika nyuma ya vumbi.

Injini ikanyamaza. Msimamizi wa kazi akaja mpaka kwenye ngazi za kibaraza, mwanamume mweusi wa miaka arobaini na kitu, kofia ngumu ya njano kichwani, faili kwapani.

"Samahani, mama. Unatakiwa utoke hapo."

"Na nani?"

"Na hii karatasi."

"Inasemaje?"

"Inasema nyumba ni tupu. Haina mtu tangu mwezi Machi."

Bi Verna alikikata kiazi vipande vinne, akavitia majini. "Na mimi ni nini?"

Yule bwana aliitazama karatasi, akaigeuza, kama mtu anayetumaini kwamba jibu limeandikwa upande wa pili. Upande wa pili haukuwa na kitu. Akavua kofia, akamtazama vizuri.

"Ngoja kwanza. Wewe si Bi Matejka? Wa jikoni, pale shuleni?"

"Odell Pruitt," alisema Bi Verna bila kuinua macho. "Ulikuwa unaficha maharagwe mfukoni."

Dereva wa katapila aliangua kicheko. Odell akamgeukia, kicheko kikakatika.

Bi Verna alipika chakula cha watoto wa shule kwa miaka thelathini na minne. Nyuso alizisahau zamani. Alichokumbuka ni kile ambacho kila mtoto alikiacha kwenye sahani.

"Bi Matejka, nisikilize," Odell alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimetumwa. Hii nyumba inatakiwa iwe chini ifikapo saa sita. Malori ya kuzoa kifusi yanafika saa saba."

"Yatarudi matupu."

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Mimi na kaka yangu Rudi. Mama alituachia wote wawili."

Odell akafungua faili. "Rudolf Matejka, yupo. Ameiuza kwa Larkspur mwezi Aprili." Akasita. "Na wewe..."

"Na mimi vipi? Soma. Walimu walikuwa wanasema unasoma vizuri."

"Wewe inasema umekufa."

Hata dereva wa katapila aliteremsha mkate aliokuwa ameshaanza kuuma.

"Lini?" aliuliza Bi Verna.

"Tarehe kumi na tisa Machi."

Akafikiri. "Hiyo ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Nilikuwa kanisani nakaanga samaki, kuanzia mchana mpaka jioni. Sahani mia tatu." Akavuta pumzi. "Nilichoka. Lakini si kiasi hicho."

Alikuwa amekaza uso, wasomaji, ila kile kiazi alichokishika alikimenya, akakimenya tena, akakimenya tena, mpaka kikabaki ukubwa wa zabibu. Akakitazama. Akakitupa ndani ya beseni pamoja na vingine.

Rudi kaiuza nyumba. Rudi ambaye hajazungumza naye kwa miaka kumi na moja, tangu wagombane juu ya jiko la marehemu mama yao na Rudi akaenda zake Arizona. Kumkasirikia kaka yake ni jambo alilolizoea. Lakini nyumba yake kuuzwa na kaka na yeye mwenyewe kuzikwa na karatasi, vyote siku moja, hilo lilikuwa geni.

"Nikiondoka bila kuvunja, kazi sina," Odell alisema. "Nikivunja..." Akafunga faili. "Niletee karatasi inayosema uko hai. Karatasi kwa karatasi. Mpaka saa sita, mashine yangu ni mbovu."

"Mbovu nini?" dereva aliuliza kutoka juu.

"Utakachokipenda."

*

Wa kwanza kuja alikuwa Eliezer Quiñones wa nyumba ya mbele.

Walitazamana na Bi Verna ng'ambo ya barabara ile kwa miaka thelathini na minane, tangu Eliezer na mkewe Migdalia walipotoka Puerto Rico na masanduku mawili na redio. Redio bado alikuwa nayo. Aliibeba mkono mmoja, kiti cha kukunja mkono wa pili. Akapanda ngazi za kibaraza polepole, akakifungua kiti, akaketi kando ya Bi Verna, akatafuta stesheni yenye mchezo wa besiboli.

"Nyumba tupu," alimwambia Odell. "Sasa ina watu wawili. Andika."

"Eliezer, hili halikuhusu," Bi Verna alisema.

"Wewe nenda huko ofisini ukafufuke. Mimi nakaa. Wakitaka kuvunja, wavunje na mimi ndani yake."

Alilisema hilo akitazama redio. Bi Verna alidhani ni ushujaa.

Wa pili alikuwa Brynn.

Brynn alikaa nyumba ya jirani, ile mpya ya ghorofa nne, ya mabati ya kijivu, iliyosimama mfano wa kabati lililosahauliwa na wahamishaji. Alikuwa na miaka kama thelathini, na alikuwa na mbwa aliyevaa koti, kwa sababu ilikuwa Mei na upepo wa ziwani ulikuwa bado na meno.

"Mnaanza leo?" alimuuliza Odell. "Sisi tuliambiwa Alhamisi." Kisha akamwona Bi Verna. "Ah. Bado upo."

"Nipo."

"Samahani, mama. Paige alituambia mwenye nyumba alifariki."

"Na mimi unayeniona kila siku hapa, ulidhani ni nani?"

Brynn aliona haya. "Nilidhani umeajiriwa kuondoa vitu vya marehemu."

"Miezi miwili?"

"Nilidhani alikuwa na vitu vingi."

Eliezer akaongeza sauti ya redio.

Ikatokea kwamba Brynn aliahidiwa bustani. Larkspur walimwonyesha picha: mahali pa nyumba ya Bi Verna palikuwa na majani, benchi, na mwanamke mmoja aliyekunja miguu akitabasamu bila sababu. Brynn alikuwa ameshanunua miche miwili ya matufaha. Ilikuwa kwenye ndoo, mlangoni kwake, ikingoja nyumba ianguke.

"Nyumba yako imekula jua la nyanya zangu," Bi Verna alimwambia. Hilo alikuwa analo moyoni kwa miaka miwili.

"Samahani sana."

"Nyanya hazisikii samahani." Akainuka, akaliweka beseni miguuni pa Eliezer, akajifuta mikono. "Basi la kwenda mjini linachukua dakika arobaini. Gari unalo?"

"Ninalo."

"Mwache mbwa."

*

Kwenye ofisi za jiji walipewa namba. Walipoitwa, walimkuta karani nyuma ya kioo, mzee mwembamba wa miwani, kibao cha jina lake kimeandikwa T. Oyler.

"Nikusaidie nini, mama?"

"Nimekuja kusema niko hai."

"Mambo ya vifo ni ghorofa ya pili."

"Natoka huko. Wamesema wao wanaandika waliokufa tu."

Bwana Oyler hakuonekana kushangaa. Alitafuta kwenye kompyuta, akachapa karatasi kadhaa, akazipanga mbele yake, akazisoma zote tangu mwanzo mpaka mwisho, huku saa ya ukutani ikionyesha saa nne na dakika hamsini.

"Hati ya kifo ipo," alisema. "Imetiwa sahihi na Daktari Leopold Szabo."

"Szabo alikuwa daktari wangu."

"Vizuri. Basi tumpigie simu."

"Alifariki miaka sita iliyopita. Nilimpelekea mjane wake mchuzi."

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa hiyo aliyekufa amethibitisha kifo cha aliye hai."

"Inaonekana hivyo."

"Hiyo ni kughushi, mama. Itakwenda kwa wapelelezi." Akalivuta droo, akatoa fomu ya kijani. "Kwa hii nitakusimamishia ubomoaji siku kumi na nne. Ila nahitaji shahidi. Mtu wa mtaa wako, mwenye kitambulisho, aape kwamba anakujua, na kwamba wewe ndiye Verna Matejka."

Wote wawili wakamtazama Brynn.

Brynn alikuwa anatazama viatu vyake. "Nikitia sahihi, ile bustani..."

"Haitakuwepo," alisema Bwana Oyler.

"Si hilo... Basi, ni hilo pia. Lakini siwezi kuapa uongo. Nimekaa kando yake miaka miwili, na jina lake nimelijua leo asubuhi. Mimi simjui huyu mama."

Bi Verna alihisi saa ya ukutani ikimgonga mgongoni. Saa tano na dakika kumi.

Alimgeukia Brynn. "Pipa lako la taka. Linakusanywa siku gani?"

"Jumatatu."

"Umewahi kulitoa barabarani?"

"Mimi... nilidhani kuna watu wanalitoa. Nilidhani ni sehemu ya huduma."

"Huduma ndiyo mimi. Linanuka, na liko chini ya dirisha langu. Kila Jumatatu alfajiri nalitoa, jioni nalirudisha. Mwezi wa pili niliteleza kwenye barafu nikiwa nalo. Nililala pale chini dakika tano nzima, natazama dirisha lako. Taa ilikuwa inawaka."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anayetaja bei ya vitunguu.

Brynn akanyoosha mkono chini ya kioo. "Kalamu," alisema.

Akatia sahihi. Herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari. Bwana Oyler akagonga muhuri mara tatu, ya mwisho kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Pengine na yeye alikuwa na jirani.

"Pongezi, mama. Uko hai kwa wiki mbili. Ndani ya hizo utaleta mwanasheria." Akasita, kidole kikiwa juu ya karatasi moja iliyobaki. "Kuna jambo jingine. Hati ya kifo haikuja peke yake. Kuna mtu alikuja akaapa kwamba aliuona mwili."

"Rudi?"

"Hapana. Mtu wa mtaani kwako."

Akaisukuma karatasi chini ya kioo.

Bi Verna hakuhitaji kusoma jina. Ile sahihi, yenye herufi ya Q iliyovutwa mkia mpaka mwisho wa mstari, aliiona kila Krismasi kwa miaka thelathini na minane, chini ya kadi yenye picha ya Mamajusi.

*

Njiani Brynn aliuliza mara moja kama awashe kipasha joto. Bi Verna akasema sawa. Brynn akasahau kukiwasha.

Walifika zikiwa zimebaki dakika sita. Watu walikuwa wamejaa barabarani, wengine na vikombe vya kahawa. Katapila lilikuwa palepale. Odell alipokea ile fomu ya kijani, akaisoma mara mbili, akamwashiria dereva.

"Imepona?" dereva aliuliza.

"Imepona. Iteremshe, tunaondoka."

Mkono ule mrefu ukajikunja polepole, ukashuka mbali na paa. Mtu mmoja akapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Wataenda mahakamani, Bi Matejka," Odell alisema. "Hawa Larkspur nawajua. Hawachoki."

"Mkuu wako atakufukuza?"

"Hajui bado." Akavaa kofia. "Yale maharagwe hayakuwa mabaya. Nilikuwa nampelekea bibi."

Bi Verna alimtazama akienda. Miaka yote alidhani mtoto yule anachagua chakula.

Akapanda ngazi za kibaraza chake.

Eliezer alikuwa amemaliza kumenya viazi vyote. Alivimenya vibaya, maganda manene kama vipande vya mbao. Redio ilikuwa inanguruma.

"Umewashinda!" alisema, uso umemchangamka. "Nilijua! Nilimwambia yule bwana..."

"Eliezer. Nilikufa vipi?"

Kisu kikasimama.

Redioni mtu aliupiga mpira ukaenda mbali sana, na maelfu ya watu wakapiga kelele kwa furaha. Eliezer akanyoosha mkono, akazima.

"Usingizini," alisema hatimaye. "Bila maumivu. Yule Paige alitaka tuandike umeanguka kwenye ngazi. Nikakataa. Nikamwambia Verna haanguki ngazi."

"Ahsante."

"Verna..."

"Kwa nini?"

Eliezer alikuwa na miaka sabini na sita, na kibarazani pale, mchana ule, alionekana ana yote.

"Ile theluji," alisema. "Uliniita punda mzee mbele ya kanisa zima."

"Ulinirundikia theluji mlangoni kwangu. Nilitokea dirishani."

"Ndiyo. Nilikuwa na hasira. Kesho yake akaja Paige. Akasema umekubaliana na Rudi, unahamia kwake Arizona, karatasi ni ya kuharakisha mambo tu. Nikaona, kumbe Verna anahama bila hata kuniaga. Basi nikatia sahihi. Na akasema kwenye jengo lao jipya kutakuwa na chumba chetu cha chini, kisicho na ngazi. Unayajua magoti ya Migdalia. Sasa hivi anashuka kwa kukaa, ngazi moja moja, kama mtoto mchanga."

"Ukajua lini kwamba ni uongo?"

"Ijumaa ileile niliyotia sahihi. Nilikuona unarudi kutoka kanisani, unanukia samaki, unaimba, huna dalili ya kuhama."

"Ukanyamaza."

"Kila Jumapili nimekuja hapa kukuambia!" Sauti ilimpasuka. "Kila Jumapili, Verna, naapa. Na kila Jumapili unaniwekea sahani ya kabichi na tambi. Mtu atalisema vipi neno kama lile, na mdomo umejaa kabichi?"

Bi Verna hakulia alipoona katapila, wala hakulia ofisini. Sasa alijifuta uso kwa aproni, akaketi kwenye kiti chake, ubavuni pa Eliezer, kwa sababu kibarazani hapakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Wakakaa vile, bega kwa bega, kama wanavyokaa siku zote.

"Kesho asubuhi unakwenda na mimi kwa yule karani," alisema baadaye. "Utasema ulidanganya."

"Watanifunga."

"Utakunywa chai kwanza."

Eliezer akafuta macho kwa mkono wenye maji ya viazi. "Nitakwenda," alisema. "Nitakwenda, Verna. Hata wakinifunga."

Na pengine habari ya siku hiyo ingeishia hapo, kama pasingesimama teksi mbele ya nyumba.

*

Alishuka mzee mmoja mrefu, mkavu, ngozi imeungua kwa jua ambalo Cleveland haina. Kofia pana kichwani. Mkononi alishika shada la maua meupe lenye utepe, na kwenye utepe pameandikwa kwa dhahabu: PUMZIKA, DADA.

Alilipa teksi. Akasimama akaitazama nyumba, kuanzia bomba la moshi mpaka ngazi, kofia kifuani. Hakumtazama mtu yeyote. Akaanza kutembea kuja kibarazani, hatua za mtu anayeingia kanisani kwa kuchelewa.

Kwenye ngazi ya pili akainua macho.

Shada lilimtoka mkononi. Likabiringika lenyewe mpaka kwenye majani, likalala.

"Verna?"

"Rudi."

"Umekufa."

"Nimesikia."

Rudi akaketi palepale kwenye ngazi, kama aliyekatwa miguu. Alimtazama dada yake mikono, uso, aproni, akarudia mikono.

"Uliiuza nyumba ya mama," Bi Verna alisema.

"Nilidhani hupo tena! Ningeifanyia nini nyumba ambayo wewe hupo?" Sauti ilimpanda mno. "Waliniambia mwili wako umechomwa, hakuna mazishi, mwenyewe ndiyo ulitaka hivyo. Nikaamini. Nikasema huyo ndiye Verna, hataki makelele. Leo nimekuja kuiona nyumba kabla hawajaivunja, basi. Nikuwekee maua jikoni, nirudi."

"Hukupiga simu hata mara moja kuuliza?"

"Nimpigie nani, maiti? Miaka kumi na moja hatusemezani. Ukimya wako ungenishtua vipi?"

Bi Verna alishuka ngazi moja, ya pili, akaketi karibu naye, nafasi ya mtu mmoja ikiwa katikati. Akanyoosha mkono, akamvua kaka yake kofia, akamtazama. Alikuwa amepata upara. Hakuna aliyemwambia.

"Paige ndiye aliyekudanganya," alisema. "Na huyu hapa nyuma yangu amemsaidia. Tutalitengeneza."

Eliezer akainamisha kichwa.

"Paige alikuja baadaye, na karatasi zake," Rudi alisema. "Siye aliyeniambia."

"Nani, basi?"

"Nilipigiwa simu. Jumamosi ile, tarehe ishirini Machi, saa kumi na mbili jioni."

"Saa hiyo nilikuwa kwenye misa."

"Namba ilikuwa ya hapa, Verna. Simu ya ukutani, ya jikoni kwa mama. Niliiona, moyo ukaruka. Nikasema hatimaye amekubali kuniomba radhi."

"Mimi nikuombe wewe radhi?"

"Acha hilo. Nikapokea. Alikuwa mwanamke, analia. Machozi ya kweli, hayakuwa ya kuigiza. Akaniambia umelala na hukuamka. Nilikuwa nimechanganyikiwa, sikumuuliza hata jina." Rudi akakunja uso, akilisaka neno. "Lakini aliniita Rudito. Miaka mingapi sijaitwa hivyo!"

Nyuma yao kiti cha kukunja kilianguka. Eliezer alikuwa amesimama, rangi imemtoka usoni, mkono umeshika ukuta.

Mtaa mzima, tangu Rudi akiwa kijana, ulimwita Rudi. Rudito, yaani Rudi mdogo kwa Kihispania, aliitwa na mtu mmoja tu. Na mtu huyo ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pili wa nyumba ya Bi Verna, amwagilie maua mwenyewe akiwa hayupo.

"Hapana," Eliezer alinong'ona. "Hapana, hapana. Mimi nilitia sahihi. Yeye hakujua. Sikumwambia kitu."

Bi Verna aligeuka taratibu, akatazama ng'ambo ya barabara.

Migdalia, mke wa Eliezer, alikuwa dirishani kwake, pazia wazi, wala hakujificha. Alikuwa analia. Nyuma yake, mkono mmoja umetua begani mwake, alisimama Paige Dunleavy wa Larkspur.

Paige akauinua mkono wa pili, akampungia Bi Verna, kama jirani.